Waulize Mafundi: Kuibadilisha taa ya nyuma ya pikipiki nyumbani

Barua za taa ya nyuma zimerundikana, kwa hiyo safari hii ukurasa wote tumeziachia. Kipimo chetu katika majibu yote ni kimoja: anayekufuata lazima atambue papo hapo kwamba umeshika breki, iwe jua kali, mvua au giza. Taa ikishindwa hapo, uzuri wake haumfai mtu.

SWALI: Hamjambo mafundi. Nilitoa balbu ya kawaida ya taa ya nyuma nikachomeka ya LED nyeupe, kwenye pakiti imeandikwa kuwa ni kali sana. Sasa rangi imekuwa kama waridi, na mwenzangu anayenifuata anasema hajui ni lini nimeshika breki. Nimekosea wapi?

JIBU: Hatujambo, ndugu. Umekosea kwenye rangi. Lenzi nyekundu kazi yake ni kuchuja: inapitisha mwanga mwekundu na kuzuia uliobaki. Balbu ya uzi, yaani ile ya kawaida uliyoitoa, ina wekundu mwingi ndani ya mwanga wake, ndiyo maana inapita vizuri. LED nyeupe imejaa ubuluu na umanjano, wekundu ni haba, kwa hiyo sehemu kubwa ya ule ukali uliolipia inaishia kwenye plastiki. Nyuma ya lenzi nyekundu weka LED nyekundu.

La pili ni tofauti ya mwanga. Balbu ya asili ya pikipiki nyingi ni ya 12 V, 21/5 W, yaani nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja. Uzi wa wati 5 hutoa takriban lumeni 35, wa wati 21 takriban 440. Breki inaizidi taa ya kawaida zaidi ya mara 12. Viwango vya taa za vyombo vya moto kwa kawaida hutaka breki iwe angalau mara 5 ya taa ya kawaida pale taa zote mbili zinapotumia nafasi moja. Baadhi ya balbu za LED za kuchomeka hazifiki hata mara 3. Kabla ya kuifunga, ipime: weka multimita kwenye miliampea, pitisha umeme kwenye nukta moja ya kitako, kisha nyingine, usome kila moja. Kama namba ya breki haifiki mara 5 ya namba ya taa ya kawaida, rudisha balbu dukani.

Ukiwa umeishika, itazame kitako. Zile nukta mbili za risasi zinazogusana na pini za holda mara nyingi ni bapa kuliko za balbu ya asili, na pini zinagusa kwa shida. Ukiona doa dogo jeusi kama la moto katikati ya nukta, hapo umeme ulikuwa unaruka. Ongeza tone dogo la risasi nukta iinuke. Vile vichwa viwili vya pembeni havilingani urefu kwa makusudi, ili balbu iingie kwa njia moja tu. Usivipige tupa. Ukiiingiza kinyume, ukiwasha taa uzi wa breki ndio unaowaka muda wote, na ukishika breki unaongezeka mwanga hafifu tu.

Na chini ya taa nyingi kuna kidirisha cheupe kinachomulika namba ya usajili. LED nyekundu itaifanya namba iwe nyekundu, na taa ya namba inatakiwa iwe nyeupe. Dawa yake iko kwenye jibu linalofuata.

SWALI: Nina taa ya nyuma ya akiba na LED nyekundu 12 za milimita 5. Nataka kutengeneza bodi ya kuifunga ndani, LED hizo hizo ziwe taa ya kawaida na ziwe breki. Niunganishe vipi, na rezista za ukubwa gani?

JIBU: LED 12 ni chache mno kwa breki ya mchana. Lenga 36. Namba kubwa ya milikandela (kipimo cha ukali wa mwanga) kwenye pakiti nayo isikuhadae, kwa sababu hupimwa katikati kabisa ya mwale, na LED ya milimita 5 yenye kichwa angavu mara nyingi hurusha mwanga ndani ya digrii 15 hadi 30 tu. Ukiitazama kwa mbele inaumiza macho; sogea hatua mbili pembeni, imekwisha. Dereva wa lori yuko juu, wa gari dogo yuko chini, mwingine anatokea ubavuni. Tafuta zile bapa za mraba zenye miguu minne, pembe ya digrii 60 au zaidi, zinazostahimili miliampea 30.

Zipange tatu tatu mfululizo, kila mfululizo na rezista yake ya omu 390, nusu wati. Utapata mifululizo 12. Hesabu yake ni hii: injini ikizunguka, umeme wa pikipiki ya betri ya 12 V hufika kama 14.4 V. Dayodi ya kuingilia, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inakula 0.7 V, LED tatu nyekundu zinakula kama 6.3 V, zinabaki 7.4 V. Gawanya kwa 390, unapata miliampea 19 kwa kila mfululizo. Yote 12 ni kama ampea 0.23, ilhali balbu ya wati 21 inakula karibu ampea 1.75.

Wengi hupanga tano tano ili kupunguza rezista. Wanaharibu hapo. Tano zinakula 10.5 V, rezista inabakiwa na 3.2 V tu. Betri ikishuka hadi 12 V, injini ikiwa imezima au ikizunguka taratibu, zinabaki 0.8 V na mkondo unaanguka kutoka miliampea 20 hadi 5. Breki inakufa pale pale unaposimama kwenye foleni. Kwa tatu tatu, mkondo unashuka kutoka 19 hadi 13, na jicho halilalamiki.

Sasa kuzifanya LED zilezile zitoe mwanga wa aina mbili. Ncha chanya za mifululizo yote ziungane kwenye waya mmoja, tuuite reli. Ncha hasi zote ziende ethi, yaani chuma cha fremu kilichoungwa na hasi ya betri. Waya wa breki upite kwenye dayodi 1N4007 na uingie kwenye reli moja kwa moja. Waya wa taa ya kawaida upite kwenye 1N4007 yake, kisha rezista ya omu 220, wati 1, ndipo uingie kwenye reli. Mstari mweupe wa kila dayodi uelekee kwenye bodi. Taa ya kawaida ikiwaka, kila mfululizo unapata kama miliampea 2.7; ukishika breki unapanda hadi 19, yaani mara 7. Ukiona taa ya kawaida ni hafifu mno usiku, shusha 220 hadi 150, uwiano utakuwa mara 5. Usishuke chini ya hapo.

Kwa ajili ya namba ya usajili, weka LED nyeupe mbili mfululizo zikitazama chini kwenye kile kidirisha, na rezista ya omu 470, nusu wati. Chanya yake ichukue kati ya dayodi ya taa ya kawaida na ile rezista ya 220, ili isibadilike ukishika breki.

Kutambua nyaya, usiamini rangi. Pikipiki iliyokwisha kupita mikononi mwa watu haina rangi ya kuaminika. Multimita kwenye volti DC, ncha nyeusi kwenye chuma safi cha fremu, swichi ya ufunguo wazi. Waya unaosoma volti 12 pale tu unaposhika breki ndio wa breki. Unaosoma ukiwasha taa ndio wa taa. Zima kila kitu, weka kwenye omu: unaosoma karibu na sifuri dhidi ya fremu ni ethi. Kwenye kila waya chanya weka fyuzi ya ampea 1. Bila hiyo, shoti ndogo ndani ya taa inakata fyuzi kuu, na kwenye pikipiki nyingi fyuzi kuu ikikatika injini nayo inazima, ukiwa katikati ya magari.

Pasi ya solda ya wati 30 hadi 40 inatosha, na waya wa risasi wenye utomvu ndani. Ile dawa ya tindikali wanayotumia kuunga mabati iache, itakula shaba taratibu. Kila mguu wa LED usikae kwenye pasi zaidi ya sekunde 3. Kinachoua bodi nyingi za nyumbani ni mtikisiko: waya wa nyuzi nyingi ukinywa risasi unakuwa mgumu, na unakatika pale pale ugumu unapoishia, milimita mbili tatu kutoka kwenye kiungo, ndani ya ganda, usipoweza kuona. Kwa hiyo toboa matundu mawili kwenye bodi, pitisha waya juu na chini kabla haujafika kwenye kiungo, ufunge kwa tai ya plastiki, na uache mkunjo mdogo uliolegea. Viungo vya nje vivalishe mpira wa kusinyaa kwa joto. Tepu ya kawaida huachia gundi injini na jua vikiipasha.

Kabla ya kufunga, iwashe kama breki kwa dakika 30 mfululizo. Rezista ziwe za uvuguvugu, zisichome kidole. LED tatu zikiwa giza pamoja, moja imegeuzwa au kiungo hakijashika. Ikiwa moja tu ni giza na wenzake wawili wanang'aa kupita kawaida, hiyo moja ina shoti, ing'oe.

SWALI: Kila nikikanyaga breki, taa za dashibodi zinawaka kidogo hata kama swichi ya taa imezimwa. Je, ni hatari?

JIBU: Umeme wa breki umepata njia ya kurudi nyuma kupitia waya wa taa ya kawaida hadi kwenye dashibodi, kwa sababu waya huo wa taa ya kawaida uko kwenye laini moja na balbu za dashibodi. Kama umefunga bodi ya LED, dayodi ya upande wa taa ya kawaida haipo, imegeuzwa au imekufa kwa shoti.

Kama bado una balbu ya uzi, tafuta ethi. Ethi ya holda ikishika kutu, umeme wa uzi wa breki unakosa pa kushukia, unapanda kupitia uzi wa pili na kwenda kutafuta ethi dashibodi. Dalili yake nyingine ni breki kuwa hafifu. Chukua waya, ncha moja kwenye chuma cha holda, nyingine kwenye hasi ya betri. Taa ikikaa sawa, umemaliza uchunguzi: kwangua kutu au vuta waya mpya wa ethi hadi kwenye fremu. Hatari ipo, maana breki haina nguvu yake kamili.

SWALI: Lenzi ya taa yangu haina skrubu hata moja. Nimejaribu kuibandua kwa bisibisi imeanza kupasuka pembeni. Inafunguliwaje? Pia nataka kuipaka rangi nyeusi inayopitisha mwanga.

JIBU: Weka bisibisi chini kwanza. Angalia mshono kwa taa ya pembeni. Ukiona gundi nyeusi au ya kijivu inayobonyea kwa ukucha, inafunguka kwa joto: zungusha mashine ya kukaushia nywele kwenye mshono wote dakika 5 hadi 10, kisha ingiza kipande cha plastiki, si chuma, uendelee kupasha unapobandua. Lenzi nyingi za taa za nyuma ni akriliki, na akriliki inaanza kulainika karibu na digrii 100, hivyo ile mashine ya kubandulia rangi itaikunja mbele ya macho yako.

Ukiona ukingo mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka ikatoka nje, lenzi imeunganishwa kiwandani kwa kuyeyushwa na joto halitaisaidia. Hiyo inakatwa. Kata upande wa kava la nyuma, milimita 2 kutoka kwenye mshono, kwa msumeno mwembamba wa chuma, ili kovu likae kwenye plastiki nyeusi na lenzi ibaki nzima.

Kurudisha, tumia silikoni isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka na kufanya shaba ya bodi iote ukijani. Iache saa 24 kabla ya kupata maji. Supa glu usiisogeze: mvuke wake unaacha ukungu mweupe ndani ya lenzi na hautoki. Petroli na tina nazo zinaifanya akriliki ipasuke nyufa nyembamba kama nywele; safisha kwa maji ya sabuni tu. Na kile kitundu kilicho chini ya kava usikizibe ukidhani ni njia ya maji kuingia. Ndicho kinachotoa unyevu.

Kuhusu rangi nyeusi, jibu letu ni usipake. Rangi inayopitisha nusu ya mwanga inakuachia nusu ya breki. Zaidi ya hapo, kwenye lenzi nyingi kuna sehemu yenye vijipande vya pembe pembe, kiakisi, kinachorudisha mwanga wa gari la nyuma hata kama pikipiki yako imezimika kando ya barabara bila umeme kabisa. Ukikipaka rangi, umeondoa ulinzi wa mwisho uliokuwa nao.

SWALI: Nimebadilisha indiketa za nyuma kuwa za LED. Sasa zinapepesa haraka mno. Rafiki yangu alipobadilisha zote nne, zikawa zinawaka kulia na kushoto kwa pamoja!

JIBU: Ni magonjwa mawili. Relei ya asili ya indiketa hutegemea mzigo wa balbu ili kuhesabu mwendo. Mzigo ukipungua inadhani balbu imeungua na kukimbia. Mwendo unaotakiwa ni mara 60 hadi 120 kwa dakika. Nunua relei ya elektroniki ya LED, ya pini 2 au 3 kulingana na iliyopo. Ya pini 2 ina chanya na kutoka, yaani B na L. Ukizigeuza haitafanya kazi. Wengine huongeza rezista kubwa sambamba na kila taa. Inafanya kazi, lakini kwa balbu ya wati 10 rezista hiyo inapata joto la kuyeyusha plastiki, na faida yote ya LED kwa betri imepotea.

Ugonjwa wa rafiki yako uko kwenye dashibodi yenye taa moja tu ya indiketa. Taa hiyo imeungwa kati ya kulia na kushoto, inapata ethi kupitia balbu za upande wa pili. Kwa balbu za uzi, mkondo huo mdogo hauziwashi, LED unaziwasha. Ondoa nyaya zake mbili kwenye taa hiyo. Kila mmoja upitie 1N4007, mstari mweupe ukielekea kwenye taa, halafu dayodi zote mbili ziungane kwenye mguu mmoja. Mguu wa pili upeleke ethi.

SWALI: Bodi yangu ya LED inapepesa injini ikiwa taratibu, na haiwaki kabisa kabla sijawasha injini. Breki lakini iko sawa.

JIBU: Pikipiki yako, kama nyingine nyingi ndogo, huwasha taa kwa umeme wa AC kutoka kwenye koili ya injini bila kupitia betri, breki ndiyo inayotumia betri. AC inabadili mwelekeo, dayodi inapitisha nusu tu, ndiyo hiyo mipepeso.

Njia safi ni kuuacha waya huo. Uzibe ncha yake vizuri, kisha lishe upande wa taa ya kawaida kutoka kwenye waya chanya unaoingia kwenye swichi ya breki, ule wenye umeme ukifungua ufunguo. Bodi tuliyoeleza, pamoja na LED za namba, inakula kama miliampea 50 tu, betri haitahisi. Taa itawaka kila ufunguo ukiwa wazi, hata injini ikizimika njiani usiku, jambo ambalo AC haikukupa.

Usifunge daraja la dayodi nne kama wanavyoshauri baadhi. Koili hizi kwa kawaida zina ncha moja kwenye ethi, na hasi ya daraja ukiiunga na ethi ya breki umetengeneza shoti.

SWALI: Kile kifaa cha kufanya breki imete mfululizo mnakionaje?

JIBU: Hatukipendi. Taa inayomemeta nyuma dereva huisoma kama indiketa au dharura, na katika nchi nyingi sheria inataka breki iwake bila kukatika. Ongeza mwanga na pembe badala yake.

SWALI: Taa ya breki inachelewa, inawaka nikiwa nimeshakanyaga sana. Breki ya mkono wa mbele haiwashi kabisa.

JIBU: Ya nyuma ni marekebisho. Shika mwili wa swichi ya pedali usizunguke, geuza nati yake ili swichi ipande, hadi taa iwake kabla kidogo ya breki kuanza kushika. Ukizungusha mwili wenyewe utazikata nyaya. Ukipandisha kupita kiasi taa itabaki inawaka muda wote, kwa hiyo itikise pikipiki na uhakikishe inazimika. Ya mbele, chomoa viunganishi viwili chini ya mkono wa breki uviguseshe pamoja kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa wazi. Taa ikiwaka, swichi ndiyo mbovu na hubadilishwa nzima. Isipowaka, fuata waya hadi shingoni mwa usukani, unapokunjwa kila ukipiga kona.